Miguu ya Simiyu

Nilikuwa mtoto bado, wa umri ule ambao meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaamua kuja, siku ile Kukhu alipopiga vigelegele na Mama akalia machozi, wote wawili katika chumba kimoja na kwa sababu moja. Sababu yenyewe ilikuwa miguu ya mdogo wangu.

Kukhu ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu Ndalu. Huyu alikuwa mama mzazi wa Baba, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto, na nyumba yake ilikuwa boma moja na yetu. Mama alikuwa amejifungulia hospitali mjini Kitale, na siku nzima mimi nilikuwa nikipanda na kushuka lango nikiwangoja. Walipotokea nilitangulia mbio mbele yao huku nikipiga kelele mpaka mbwa akajificha. Nilikuwa nimemwomba Mungu ndugu kila Jumapili kwa sauti ya kuwaudhi waumini wengine, na sasa ndiye huyo analetwa!

Kukhu akamketisha Mama, akampokea mtoto, akaifungua shali. Hapo ndipo tulipoiona. Miguu yote miwili ilikuwa imejikunja kwa ndani, nyayo zikitazamana, visigino vimepanda juu. Mama akaanza kulia. Tangu hospitali alikuwa ameificha miguu hiyo ndani ya shali, hata Baba hakuwa ameiangalia vizuri, na sasa ilikuwa peupe mbele ya mama mkwe.

"Aririririri!" Kukhu alianza. "Simiyu! Simiyu amerudi! Angalieni mguu! Hii mguu mimi naijua!"

Alizunguka naye chumba kizima huku akicheza. Mimi nikamfuata nyuma nikicheza pia, bila kujua tunachezea nini. Baba alisimama mlangoni na mfuko wa nguo mkononi, akimtazama mama yake anayeimba na mke wake anayelia, na ninakumbuka kwamba aliamua kwenda kuangalia ng'ombe.

Simiyu alikuwa shemeji yake Kukhu, mdogo wa babu yangu. Mimi sikumkuta hai, lakini nilimjua kuliko watu wengi niliowakuta. Alizaliwa na miguu hiyo hiyo, akazeeka nayo. Alitembelea ukingo wa unyayo, mahali ambapo ngozi ilikuwa imekomaa ikawa ngumu ajabu, na hakuwahi kuvaa kiatu maishani mwake. Alisuka vikapu ambavyo watu walivifuata kutoka Kiminini. Na Kukhu alipoletwa pale akiwa bibi harusi mchanga, akaunguza ugali siku ya kwanza mbele ya wakwe, ni Simiyu peke yake aliyekula, akaomba kuongezwa. Kukhu hakusahau jambo hilo. Alikuwa akilisimulia kila ugali uliposhika sufuria.

Simiyu alikufa bila mke, na hakuna mtoto aliyepewa jina lake. Kwetu hilo si jambo dogo. Watoto hupewa majina ya wazee waliotangulia, na mzee anayetaka kurudi hujitambulisha mwenyewe. Mtoto hulia, hukataa titi, hanyamazi. Basi mwanamke mkubwa wa boma huita majina ya waliokufa, moja moja, huku mama akimpa mtoto titi. Jina likipita ambalo si lake, mtoto huendelea kulia. Likitajwa lake, hunyonya. Hapo vigelegele hupigwa na jambo huisha.

Kukhu alikuwa ameliita jina la Simiyu kwa kila mjukuu aliyezaliwa, na kila mmoja alimkataa. Mimi mwenyewe nilimkataa, ingawa nilikuwa msichana na sikuwa hata kwenye orodha yake, alijaribu tu. Lakini safari hii Kukhu hakuita mtu. Ya nini kumuuliza mtoto wakati mguu umekwisha kusema? Jina likatoka siku hiyo hiyo, bila titi, bila kuulizana, na hakuna aliyeona kasoro. Mimi nilikimbia nalo shuleni. Niliwaambia wenzangu kwamba nina mdogo ambaye ni mzee kuliko mwalimu mkuu, na kwa juma zima nilikuwa mtu maarufu.

Sasa nieleze habari za Mama. Mama alikuwa mtu wa Kiminini, lakini wazazi wake walitoka upande wa Mlima Kenya zamani wakanunua shamba huko. Kwa watu wake majina yana mpango wake, huyu hupewa la babu huyu na yule la babu yule, na mtoto haulizwi chochote. Alikuwa mpole wa maneno. Watu walidhani ni mpole wa kila kitu. Alipomaliza kulia, alipangusa uso kwa ncha ya leso, akasema polepole:

"Mama, kule hospitali wamesema hii miguu inanyooka. Ati akianza mapema, atatembea kama watoto wengine."

"Inyooke iende wapi?" Kukhu akauliza. "Si hiyo ndiyo alama yake? Amekuja nayo ndiyo tumjue. Ukiiondoa, yeye atajua hatakiwi hapa. Atarudi alikotoka. Na akirudi, hataacha mtoto nyuma."

Furaha yangu haikuisha, ila sasa ilikuwa na woga ndani yake. Nilianza kuamka asubuhi na kukimbilia kitanda cha Mama kuona kama mdogo wangu bado yupo. Nilimwekea kidole chini ya pua. Akipumua, nilirukaruka. Nilitaka Simiyu akae, na nilitaka mdogo wangu akimbie nami hadi mtoni, na sikuweza kuona njia ya kuvipata vyote viwili.

Baba alikuwa mtu wa kukubaliana na yeyote aliyeongea mwisho. Juma hilo aliyeongea mwisho alikuwa Mama, kwa hiyo tulikwenda Kitale, mimi nikiwa nimepewa kazi ya kubeba mkoba wa nepi.

Hata nikiishi miaka mia sitasahau chumba kile. Nilidhani tunakwenda mahali pa huzuni. Nikakuta watoto wamejaa kwenye mabenchi, kila mmoja na miguu myeupe ya plasta kuanzia vidoleni hadi mapajani, na mama zao wanapiga gumzo, wanacheka, wanaazimana nepi! Mama alisimama mlangoni akashindwa kuingia. Alikuwa ameamini kwamba ni yeye peke yake. Mwanamke mmoja akamsogezea nafasi, akafunua shali ya Mama bila hata kuomba ruhusa, akasema, "Ooh, ni kama za wangu tu. Keti dada." Nikaona mabega ya Mama yakishuka.

Mtu wa plasta alikuwa na aproni iliyomwagikiwa chokaa mpaka ikasimama yenyewe, na yeye alimwita kila mtoto bosi. Alimlaza mdogo wangu, akaushika mguu kwa vidole vyake, akausukuma taratibu, akangoja, akausukuma tena. Hakutumia nguvu. Alituambia kwamba mifupa ya mtoto mchanga bado ni laini, inakubali kuelekezwa, ila haitaki haraka: kila juma mguu unasogezwa kidogo, unafungwa plasta ubaki hapo, juma linalofuata plasta inatolewa na mguu unasogezwa tena.

"Mpe anyonye nikimfunga," alimwambia Mama. "Bosi akinyonya hanisumbui. Mtoto anayenyonya hulegea mwili wote."

Mama akampa titi, mdogo wangu akalegea kweli, na bendeji zikazunguka. Yule mtu aliponiona nimenyoosha shingo, aliniita nimshike mguu mtoto mwingine aliyekuwa karibu kumaliza plasta zake. Nilishika unyayo. Ulikuwa mnyoofu! Nilimwuliza mama yake mara kadhaa kama ulikuwa umejikunja kweli, akaapa kwamba ulikuwa kama wa mdogo wangu, pengine mbaya zaidi. Nilitaka kupiga vigelegele pale pale.

"Atalia siku za kwanza," mtu wa plasta alituonya. "Hiyo ni kawaida. Mwekeeni miguu juu ya mto. Angalieni vidole. Vikiwa na joto na rangi yake, msiogope. Vikibadilika rangi au vikiwa baridi, mje mbio, saa yoyote. Na maji yasiguse. Hii ikilowa inakuwa uji."

Alilia, kama alivyosema. Alilia tulipofika nyumbani, akalia kesho yake, na kesho kutwa ndiyo akazidi. Mama alimpa titi, akalikamata, akaliacha, akapiga kelele. Mama alivishika vidole vyake kila wakati. Vilikuwa na joto. Vilikuwa na rangi. Lakini kilio kile kilisikika mpaka barabarani, na jirani waliopita waliuliza kuna nini.

"Mimi nilisema," Kukhu alikuwa akirudia, bila ushindi wowote usoni. Alikuwa ameacha kula. "Nilisema. Anataka kwenda."

Na sasa aliyekuwa akiongea mwisho alikuwa Kukhu.

Asubuhi moja, kabla sijaenda shule, alikuja na karai la maji ya uvuguvugu. Aliliweka katikati ya sebule, akakunja mikono ya sweta, akaketi kwenye kigoda. Kumbe alikuwa amesikia habari ya plasta kuwa uji. Mimi ndiye niliyemsimulia, kwa msisimko wangu wa kusimulia kila kitu.

"Lete mtoto," akamwambia Mama. "Tutoe hii prasta. Miguu yake apewe."

Nilimtazama Baba. Baba alitazama karai.

"Mama Nekesa," akasema kwa sauti ya chini, akimwita kwa jina langu, "wacha tu itolewe. Mtoto akitulia tutaona."

Nilikuwa mdogo lakini nilielewa. Plasta ile ikitoka haitarudi. Kukhu hangeruhusu hata mkoba wa nepi utoke langoni tena. Nilimfikiria yule mtoto wa Kitale na unyayo wake mnyoofu mkononi mwangu, halafu nikafikiria kidole changu chini ya pua ya mdogo wangu, nikaishika ncha ya leso ya Mama. Mama hakunyanyuka. Alikuwa amemshika mtoto kifuani, miguu ile myeupe ikining'inia mkononi mwake.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya heshima kabisa. "Mimi ni mtu wa kuja hapa. Nauliza tu nielewe. Si hapa mtoto huulizwa?"

"Anaulizwa," Kukhu akajibu.

"Huyu aliulizwa lini?"

Kukhu akalisogeza karai kwa mguu. Watu hawakuwa na mazoea ya kumhoji Kukhu. Mchungaji mmoja aliwahi kumkosoa kanisani na akajibiwa mpaka akahamishiwa kanisa lingine.

"Mguu iliniambia," akasema.

"Mguu si mdomo, Mama. Pengine analia kwa sababu hajaitwa jina lake. Mwite. Akiwa ni Simiyu, akinyonya kwa jina la Simiyu, mimi mwenyewe nitamweka kwenye hiyo karai."

Jamani! Hata sasa, mtu mzima, nikiyaandika maneno hayo nanyanyuka kitini. Mama alikuwa ameweka kila kitu juu ya mdomo wa kitoto kichanga. Baba akavua kofia. Kukhu akakausha mikono kwa gauni lake, akasimama, akajirekebisha kitambaa cha kichwa. Alikuwa amekosea, na alijua, na kosa lenyewe lilikuwa la mila yake mwenyewe. Hakuwa mtu wa kukimbia jambo kama hilo.

Mama akafungua blauzi, akamsogeza mtoto.

"Simiyu," Kukhu akaita. Sauti yake ilikuwa nyororo, sikuwahi kuisikia hivyo. "Simiyu, ndugu yangu. Kama ni wewe, nyonya."

Mtoto akapiga yowe. Kichwa kikaenda huku na huku. Nilikuwa nimechuchumaa karibu kabisa na goti la Mama, nikaona kidole gumba chake kimebonyeza kando ya titi kama wanavyofanya akina mama mtoto apate kupumua.

"Simiyu!" Kukhu akarudia. "Nyumba ni yako. Vikapu vyako bado viko. Nyonya!"

Kilio kikazidi. Kukhu akamwita tena, na safari hii aliinama, akamtazama Mama usoni badala ya kumtazama mtoto. Mama akamtazama pia. Mama macho yake yalikuwa yamejaa lakini hayakumwagika. Halafu Kukhu akajinyoosha.

Mpangilio wa majina niliujua, maana Kukhu alitukaririsha sisi wajukuu kama watu wengine wanavyokaririsha amri za Mungu. Baada ya Simiyu hufuata Barasa, babu yangu mwenyewe. Baada ya Barasa kuna wengine wengi. Wafula, mzee wa zamani kabisa, baba mkwe wake Kukhu, yuko huko mwisho. Huyo Wafula alikuwa mtembezi wa kutisha. Inasemwa alikuwa akiswaga ng'ombe kutoka Ndalu hadi sokoni Chwele kwa miguu na kurudi siku hiyo hiyo, na kila aliyesimulia alimwongezea ng'ombe. Nilingoja kusikia Barasa.

"Wafula!" Kukhu akaita. "Wafula, baba! Kama ni wewe, nyonya!"

Kimya.

Kimya kilichokuja kilitushtua kuliko kilio. Halafu kikasikika kile kisauti kidogo cha kumeza, tena, na tena. Alikuwa ananyonya! Mdogo wangu alikuwa ananyonya kwa nguvu zake zote, ngumi imeshika blauzi ya Mama, mwili umelegea wote, miguu ya plasta imetulia.

Niliruka. Niliruka juu nikipiga kelele, "Ni Wafula! Ni Wafula!" na niliposhuka nilitua kwenye ukingo wa karai. Likapinduka. Maji yakatawanyika sebule nzima, yakapita chini ya kabati, yakamfikia Baba viatuni. Nilijua nitachapwa. Nilifumba macho nikingoja.

"Iache iende," Kukhu akasema.

Akaketi tena kwenye kigoda, maji yakimzunguka miguuni, akamtazama mtoto akinyonya. Kisha akaanza kukasirika, na hasira yenyewe ilikuwa tamu kuisikia.

"Wafula alikuwa na miguu mzuri kabisa. Hakuna mtu hapa alikuwa na miguu kama Wafula. Sasa hii mguu mbaya ni ya nani? Nani amempatia mtoto wangu mguu si yake? Ati mnakaa tu! Daktali anasema siku gani?"

"Jumanne," Mama akasema.

"Jumanne mimi mwenyewe naenda."

Akaenda. Akaenda Jumanne hiyo na zilizofuata, na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Chumba kile cha Kitale kilimjua. Alimsimamia mtu wa plasta begani na kumhimiza, "Wewe, nyoosha vizuri, huyu ni mtu wa safari," naye akamwita Kukhu bosi mkubwa. Siku walipomkata mtoto kano ya kisigino, kijikato kidogo tu cha kuruhusu unyayo ushuke, Kukhu alitoka nje akaimba wimbo wa kanisa mpaka kazi ilipokwisha. Plasta ya mwisho ilipotoka, miguu ilikuwa minyoofu. Nilishika unyayo wa mdogo wangu kama nilivyoushika wa yule mtoto mwingine, na hapo nilipiga vigelegele vyangu, bila aibu, kwenye hospitali ya serikali.

Vikaja vile viatu vilivyounganishwa kwa chuma, vya kuvaliwa usiku na mchana kwanza, halafu akilala tu, miaka na miaka, ili miguu isisahau. Ndivyo vinavyowashinda watu wengi, maana mguu ukishaonekana mzuri mtu huona ya nini tena. Kwetu hakukuwa na nafasi ya kushindwa. Kukhu alikuja kila jioni kukagua kama Wafula amefungwa viatu vyake. Jirani walipouliza huo utumwa ni wa nini, aliwajibu kwamba Chwele ni mbali. Na alipoanza kutembea, Wafula alitoka mikononi mwa Mama akaenda mikononi mwa Kukhu kwa unyayo mzima ukigusa chini, mimi nikikimbia pembeni yake nikilia kwa furaha.

Mimi sasa nauza viatu vya watoto mjini Kitale. Watu huniuliza kwa nini nikiona mtoto mchanga natazama miguu kabla ya sura. Hiyo ndiyo sababu.

Nilipozaa mtoto wangu wa kwanza, Mama alikuja kunikanda. Siku moja nikiwa nanyonyesha alitazama kidole gumba changu, akacheka peke yake. Nilimbana mpaka akasema.

"Siku ile ya karai nilikuwa nalibonyeza titi limwendee mbali. Akilitaja Simiyu, nalisogeza kidogo tu mtoto asishike. Mtoto alikuwa na njaa, angenyonya kwa jina lolote, hata la gavana. Nilikuwa nangoja jina la mtu mwenye miguu. Kukhu yako hajui mpaka leo. Na usimwambie, tafadhali. Atakufa na huzuni."

Sikumwambia. Lakini miaka michache baadaye, Kukhu akiwa amezeeka sana na sauti imemwishia, nilikaa naye barazani tukipukuchua mahindi. Wafula alipita mbio akifukuza ndama. Kukhu alimtazama hadi akapotea nyuma ya zizi.

"Mama yako anafikiri sikuona," akasema.

Nikaacha kupukuchua.

"Mimi nimenyonyesha watoto mpaka nikachoka. Sijui titi likisogezwa? Nilimwona. Nikamwita Simiyu tena ndiyo niwe na hakika. Nikamwangalia machoni. Nikajua huyu hatamwachilia mtoto. Ndiyo nikaruka Barasa, nikaenda kwa Wafula moja kwa moja. Si Wafula ndiye alikuwa na miguu?"

"Lakini Kukhu, ulimtaka Simiyu. Ulimngoja."

"Nilimtaka." Alichukua gunzi lingine, akaligeuza. "Unajua alikuwa akilia? Ule mguu wakati wa baridi ulimuuma, analia kama mtoto, tunajifanya hatusikii. Watoto wa jirani wanamwiga akipita. Nilimtaka yeye. Mguu yake sikuitaka. Sasa mimi mkubwa wa boma, nimeshapiga vigelegele, nimeshasema, ningerudi nyuma na njia gani? Mama yako akanifungulia mlango. Usimwambie. Wacha ajue alinishinda."

Kwa hiyo mimi ndiye niliyebaki na siri mbili za karai moja. Wanawake wawili walidanganyana kwa heshima kubwa, kila mmoja akamlinda mwenzake asijue, na mtoto akapata miguu. Niliwahi kufikiri kwamba siku ile mila ilishindwa na hospitali. Sifikiri hivyo tena. Bila yale majina Kukhu angekuwa na alama tu, na alama haibishaniwi. Majina yalimpa nafasi ya kuuliza upya.

Kukhu hakuona mwaka huu. Lakini mwezi uliopita Wafula alinipigia simu nikiwa dukani, akipiga kelele hadi wateja wakageuka. "Dada! Ni kijana! Na miguu, dada, miguu ni kama zangu! Zote mbili!" Alikuwa anacheka. Kijana mzima, anayechezea timu ya Ndalu upande wa winga, anatangaza miguu iliyopinda kama mtu aliyeshinda kitu. Mke wake, nyuma yake, nilimsikia akilia, na nikafunga duka.

Jumanne tulikuwa kwenye chumba kile kile, mabenchi mengine, mtu wa plasta mwingine, kijana mwenye aproni ile ile ya kusimama yenyewe. Wafula alikuwa amempakata mtoto huku akikunja suruali yake kuwaonyesha akina mama wageni visigino vyake. Mke wake akampokea mtoto, akafungua blauzi. Bendeji ya kwanza ililoweshwa. Mtoto akaanza kulia.

Mama, ambaye sasa ndiye kukhu wa boma, mtu wa Kiminini, alijirekebisha kitambaa cha kichwa. Akainama karibu na sikio la mtoto. Nilijua atakayemwita kabla hajafungua mdomo.

"Simiyu," akasema. "Simiyu, ndugu yetu. Njoo tu. Safari hii miguu tutakunyooshea."

Mtoto akanyonya. Mimi sikuuangalia mkono wa mama yake.